Ekseli Iegemee Wapi

Kituo cha Afya, mlimani
4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, ingawa wiki iliyopita nilikaribia kutokuwa mzima, na ndiyo sababu ya barua hii. Mnara wa simu ulioungua bado haujatengenezwa, kwa hiyo vumilia unisome.

Nilikuwa nateremsha mgonjwa aliyevunjika mguu kwa gari la kituo, Sista, muuguzi wetu, yuko naye nyuma amemshika. Pale kwenye kona ya mawe, gurudumu la mbele la kushoto likakunjika kwa ndani. Mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu, ulikuwa umekatika. Gari likainamia upande wa bonde, likatulia hapo likitikisika. Mimi sikupiga kelele, Sista alipiga kwa niaba yetu sote. Tulimtoa mgonjwa kwa mlango wa nyuma taratibu mno, maana kila tukisogea na gari nalo linasogea.

Baba, gari hili tulilopewa lilitengenezwa kwa watu wa lami. Huku mbele kila gurudumu linajitegemea, lina mikono yake myembamba na vifundo vyake, na mawe ya huku yanavitafuna kama miwa. Nataka kung'oa takataka hizo zote nifunge ekseli nzima, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama magari yako ya zamani. Kwenye kambi ya wapasua mawe iliyofungwa kuna pikapu imekufa, lakini ekseli yake ya mbele bado nzima, na springi zake bapa ziko kamili. Mlinzi wa kambi ametupa, kwa kuwa Sista alimng'oa jino bila kumliza. Ofisi nayo imeruhusu. Walichosema ni kwamba gari litembee tu.

Haraka yangu ni hii. Kuna mama hapa aliwahi kupasuliwa wakati wa kujifungua. Sista anasema uchungu ukimkuta huku juu, kovu lile linaweza kuachia, naye hana kisu wala damu ya kumsaidia. Lazima ashushwe hospitali, na siku zake ni mwanzoni mwa Aprili. Lori la mbao hupita mara moja kwa wiki na hurudi limejaa magogo, hakuna pa kumlaza mtu.

Nianze wapi? Na usiniambie niache. Naogopa, Baba. Mteremko ule nauogopa hata nikiwa kitandani.

Mwanao,
Spana

*

Nyumbani
10 Machi

Spana,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea, ila salamu hazikazi nati, kwa hiyo tuingie kazini. Mama yako ndiye ameshika kalamu kama kawaida, mimi na macho yangu haya tunatema maneno tu. Anasema nikuambie amekukumbuka. Haya, nimekuambia.

Kwanza, kabla hujang'oa kitu, lala chini ya hiyo pikapu uangalie tumbo la difu, ule uvimbe wa gia kwenye ekseli, liko upande gani. Liwe upande uleule inapotokea propela ya mbele, chuma kinachopeleka nguvu ya injini, kwenye gari lenu. Likiwa upande mwingine, acha, rudi nyumbani ukanywe maji.

Pili, mipira ya breki. Wajinga huipima gari likiwa limesimama chini. Wewe nyanyua gari, acha ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, kisha ndipo upime. Siku gurudumu litakapoingia shimoni, mpira mfupi utakatika, na utakanyaga breki ukanyage hewa.

Tatu, na hili sikutanii. Ekseli ya mbele haikai wima kama chupa mezani. Inaegemea kidogo, na jinsi inavyoegemea ndivyo usukani unavyorudi wenyewe katikati ukishatoka kwenye kona. Ukikosea, gari litakuwa na mawazo yake, na kwenye ile kona yenu hutaki gari lenye mawazo. Sasa, sitaki kukupa jibu la kichwani. Kuna mtu mtaa wa pili ana gari kama lenu lenye ekseli nzima. Nitaenda nikalale chini yake nipime, ndipo nikuandikie. Mpaka hapo usichomelee vikalio vya springi, maana hivyo ndivyo vitakavyoamua ekseli iegemee wapi. Funga vingine vyote, vikalio viache.

Kuogopa si aibu. Mimi fundi asiyeogopa simpi hata bisibisi.

Baba

*

Nyumbani
18 Machi

Sista mwanangu,

Hujambo? Nakuandikia wewe kwa sababu uko karibu naye, na kwa sababu ukiisoma hii utakaa chini kabla ya kufanya lolote. Mwenzako sidhani kama atakaa.

Mzee ameanguka. Alikuwa ndiyo kwanza amevaa ovaroli kwenda kupima hilo gari la mtaa wa pili. Upande wa kulia wote umelala, na mdomo hausemi. Hospitali walikaa naye siku chache wakatwambia tumuuguze nyumbani. Anasikia, anaelewa, nikimsemesha ananiangalia. Kusema hawezi. Nikimuuliza jambo, anafumba macho kwa ndiyo. Kwa hapana ananikodolea tu.

Juzi imefika barua ya pili ya Spana. Amefunga kila kitu, amebakiza vikalio, anamwuliza baba yake ekseli iegemee mbele au nyuma. Sista, nilikaa na barua ile jikoni nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nikimwambia baba yake ameanguka, nafahamu nilivyomzaa. Atafunga bolti nusu na atashuka mlima huo akilia, na huyo mama wa watu akiwa nyuma. Nisipomjibu, hataweza kumaliza, na mama wa watu atabaki huko juu. Nifanye nini?

Nimeamua kujibu kama baba yake. Mwandiko ni wangu miaka yote, hatashtuka. Na jibu sikulibuni. Nilisimama miguuni mwa kitanda nimeshika rula yangu ya kukatia nguo, nikaiinamisha huku nikamwuliza, "Iegemee hivi?" Akanikodolea. Nikaiinamisha kule. Akafumba macho. Nilirudia mara mbili. Ni mbele.

Usimwambie. Mwache amalize, amshushe mgonjwa salama, ndipo ajue. Nakuomba kama ninavyomwomba mwanangu wa kumzaa.

Mama Spana

*

Nyumbani
18 Machi

Spana,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima.

Lile gari nimelipima. Sehemu ya juu ya ekseli iegemee mbele. Si sana, kidogo tu, kama kola inavyolala shingoni. Pima pande zote mbili zilingane kabla ya kuchomelea, maana ukishachomelea kufumua ni kazi.

Tafadhali usifanye haraka. Kula vizuri. Gari likiwa tayari, lijaribu kwanza hapo uwanjani, usianze na mteremko.

Mama yako anakusalimia sana. Mungu akulinde.

Baba

*

Kituo cha Afya, mlimani
25 Machi

Shikamoo Mama,

Pole, Mama. Pole sana. Barua yako niliisomea chooni, ndipo mahali pekee penye komeo hapa kituoni. Nikatoka nimenawa uso, naye Spana akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo. Sasa ananipikia uji kila asubuhi kwa ugonjwa nisionao, nami naumeza kwa dhambi zangu.

Mama, nimekuahidi na sijasema. Lakini naomba nikuambie ninachokiona. Alipofungua ile barua ya "Baba" alicheka kwanza. Akasema, "Mzee ameanza kulinganisha ekseli na kola, amekaa na Mama mno." Kisha akaisoma tena. Akaenda akakaa chini ya gari muda mrefu bila kugonga kitu. Nilipomfuata akaniambia, "Mimi nilidhani ni nyuma. Tangu zamani najua ni nyuma. Lakini Baba amesema mbele." Nikamwambia basi afanye anavyojua yeye. Akanitazama kama nimemtukana mtu. Akasema, "Kwenye chuma, mimi na Baba, ni nani mwanafunzi?"

Mimi sijui mbele wala nyuma ya ekseli. Najua tu kwamba nitakuwa ndani ya gari hilo, na mgonjwa atakuwa amelaza kichwa mapajani mwangu. Miguu yake imeanza kuvimba, na hazungumzi tena habari za mtoto, anauliza habari za gari. Je, una hakika na lile jibu? Watu husema mficha maradhi kifo humfichua. Nisamehe kwa kukuambia hivyo wakati huu. Ni woga unaosema.

Nijibu kwa lori la kwanza.

Sista

*

Kituo cha Afya, mlimani
25 Machi

Shikamoo Baba,

Ahsante kwa jibu. Nilikuwa nimekaririshwa na kichwa changu kwamba ni nyuma, kumbe nilichanganya. Basi nimefuata ulivyosema. Vikalio vimechomelewa, springi ziko juu yake, breki nimezipima ekseli ikining'inia kama ulivyonifundisha. Nimelizungusha gari uwanjani na linakwenda vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Baba, unalala vizuri siku hizi? Macho hayakusumbui zaidi? Kazi za watu punguza. Huna deni la mtu, pumzika.

Wiki ijayo tunashuka na mgonjwa. Nitapita nyumbani tunywe chai.

Mwanao,
Spana

*

Nyumbani
27 Machi

Mwanangu,

Anayekuandikia ni Mama. Na barua iliyopita pia aliyeiandika ni Mama. Kaa chini kabla hujaendelea, na ufunguo wa gari mpe Sista aushike.

Baba yako ameanguka tangu katikati ya mwezi. Upande mmoja hauna nguvu, na hasemi. Nilikuficha. Niliogopa ungeshuka mlima kwa pupa. Ulipouliza habari ya ekseli nilimwonyesha kwa rula, naye akajibu kwa macho, mimi nikakuandikia.

Nilikosea, mwanangu. Yeye hakukosea. Mimi nilisimama miguuni mwa kitanda, tunatazamana. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya mteja na futi shingoni, najua mkono wangu wa kulia ni wa kushoto kwake, sijawahi kushona mfuko upande usio wake. Siku hiyo moja nikasahau. Rula ilipomwinamia yeye, akafumba macho. Mimi machoni pangu kule alikolala ndiko mbele, maana ndiko nilikokuwa nimeelekea. Kumbe yeye amekaa kwenye kiti cha dereva kichwani mwake, mbele yake ni huku miguuni niliposimama mimi, na rula ilikuwa inarudi nyuma, kifuani kwake.

Barua yako iliposema ulidhani ni nyuma, nikarudi chumbani kwake. Nikapanda kitandani nikakaa ubavuni mwake, tukatazama upande mmoja, nikaiinamisha tena rula. Ilipokwenda mbele alinikodolea na akatoa sauti, sauti ya kwanza tangu aanguke. Ilipokuja kwetu alifumba macho na machozi yakamtoka. Ni nyuma. Ulikuwa unajua. Ulijua mwenyewe, nami nikakunyang'anya kwa jina la baba yako.

Usilipeleke gari hilo mteremkoni. Nasikia unasema linakwenda vizuri uwanjani, siamini, uwanja hauna bonde. Lifumue. Na kama barua hii itakukuta umeshaondoka, sijui nimwandikie nani. Tangu jana kila gari linalopita kwa kasi barabarani nasimama mlangoni.

Usikimbilie huku. Naomba usikimbie. Amekuwa hivi wiki mbili, atakungoja.

Mama

*

Hospitali ya mjini, uwanja wa magari
2 Aprili, mchana

Mama,

Nitaanza na gari, kwa kuwa hilo naweza kulisema.

Ekseli imeegemea nyuma. Ile barua ya "nimefuata ulivyosema" ilikuwa uongo. Niliibandika kwanza kwa matone machache tu ya kuchomelea, ikiegemea mbele, nikaliwasha gari uwanjani. Nikakata kona, nikaachia usukani. Haukurudi. Ulikwenda ulikotaka, kama ng'ombe aliyekata kamba, nikasimamia breki hatua chache kutoka ukuta wa wodi. Nilifumua siku hiyohiyo nikaigeuza nyuma, na safari hii nilipoachia mikono usukani ulirudi katikati taratibu, wenyewe. Nilikaa ndani ya gari nikalia. Nililia kwa sababu nilidhani Baba amezeeka, kwamba kile alichokijua kuliko mtu yeyote kimeanza kumtoka. Nikaona afadhali nimdanganye kuliko kumwambia amekosea. Ndiyo maana niliuliza habari za usingizi. Ningejua kwamba kichwa chake kizima na mwili ndio umeanguka, sijui kama ningelia kidogo au zaidi.

Barua yako imefika jana kwa lori. Sista aliniona nikiisoma akaanza kulia kabla sijamaliza, ndipo nikajua naye alikuwa anajua. Sikumgombeza. Hatukupata hata nafasi ya kugombana, mgonjwa alianza uchungu alfajiri ya leo.

Mama, uliogopa kwamba ningekimbia. Nimeendesha polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Gia ya kwanza, kona baada ya kona, mawe yakipanda na ekseli ikipanda nayo, magurudumu mawili kama mtu na ndugu yake. Sista akawa anapiga kelele niongeze mwendo, mgonjwa anang'ata shuka, nami siwezi kukanyaga mafuta. Nilijiambia ni kwa ajili ya kovu, nisimtikise. Si kweli. Kadiri nilivyochelewa kufika, ndivyo Baba alivyoendelea kuwa hai. Barua yako ilikuwa na siku kadhaa njiani. Ulisema atanisubiri, lakini uliandika zamani.

Mgonjwa yuko salama. Wamempasua, mtoto wa kiume analia mpaka nje nasikia. Watu wananipongeza. Mimi niko ndani ya gari, milango nimeifunga, mitaa michache kutoka nyumbani, na nashindwa kuwasha injini.

Simu hapa inashika. Nimelishika jina lako mara kadhaa nikaiweka chini. Kwa simu sauti yako ingeniambia kabla sijawa tayari. Kwa hiyo nimempa barua hii mlinzi wa geti, anakaa mtaa wenu, anatoka zamu sasa hivi.

Niambie kama yupo. Lakini hapa ndipo ninapokwama. Ukiniandikia kwamba yupo, nitajuaje? Mwandiko ni uleule uliosema "lile gari nimelipima" na "sisi wazima". Ukiniandikia habari njema nitaitafuta rula iko wapi. Sikulaumu. Naogopa tu, na safari hii sijui pa kupima.

Mwanao

*

Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Baba yako yu hai. Asubuhi hii amekunywa maziwa, na nilipomwambia kwamba wiki hii unashuka alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. Hasemi, na huenda hatasema. Ukimwona utaumia. Hiyo ndiyo kweli yote, sijaificha hata chembe.

Najua huniamini, na una haki. Kwa hiyo barua hii simpi mlinzi wala mtu yeyote. Jirani amekaa na baba yako, nami naileta kwa miguu yangu. Aliyegonga kioo cha gari na kukupitishia karatasi hii ni mimi. Nakujua, umeipokea bila kuinua macho.

Sasa acha kusoma. Nitazame usoni, uniulize.

Mama